Kwa nini injini ya chenso hufa mapema? Jibu mara nyingi liko kwenye dumu la mafuta

Chenso mpya inaweza kukata miti kwa miaka. Inaweza pia kunoki ndani ya wiki moja. Mara nyingi kinacholeta tofauti siyo jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine. Ni mililita chache za oili ambazo mtu alizimimina, au alizisahau, kabla ya kuvuta kamba.

Kwa vijana wengi wa Mufindi, Njombe na maeneo mengine ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, chenso ni ajira. Wengine huiita msumeno wa moto, na Kenya utasikia pawasoo. Anayelipwa kwa mti au kwa ubao halipwi siku mashine yake iko kwa fundi. Na injini ikishakwangua silinda, matengenezo yanaweza kumeza kipato cha wiki kadhaa. Wapo wanaoona bora kununua mashine nyingine.

Mitaani kila mtu ana kanuni yake. Mmoja anasema weka oili nyingi ndiyo salama. Mwingine anasema oili ya gari inatosha. Wa tatu anapima kwa kofia ya chupa. Ukweli ni upi?

Injini hii haina akiba ya oili

Gari lina oili inayokaa chini ya injini. Bodaboda nyingi za siku hizi ziko hivyo pia. Unaipima kwa kijiti, ikipungua unaongeza, ikichafuka unabadilisha.

Chenso ya petroli haina kitu hicho. Injini yake ni ya 2T, ile ambayo oili huchanganywa moja kwa moja na petroli. Mchanganyiko huo unapita kwenye kabureta, unaingia sehemu ya chini ya injini, unalainisha kranki na beringi, halafu unapanda kwenye silinda na kuungua. Kilichobaki kinatoka kwenye ekzosi kama moshi.

Maana yake ni kwamba kila tone la oili linapata nafasi moja tu ya kufanya kazi. Kama halikuwemo kwenye dumu, halipo popote.

Sasa angalia kasi. Chenso nyingi za kazi hufikia mizunguko 12,000 hadi 14,000 kwa dakika zikiwa hazina mzigo. Ukichukua 12,000, hiyo ni mizunguko 200 kila sekunde, na mafuta yanawaka kwenye kila mzunguko. Ni kasi ambayo bodaboda ya kawaida haiifikii.

Katika kasi hiyo, kinachotenganisha pistoni na ukuta wa silinda ni utando mwembamba sana wa oili. Utando ukikatika, pistoni ya aluminiamu inapata joto, inatanuka na kuanza kukwangua silinda. Mtu akijaza petroli tupu kwa bahati mbaya, dakika chache zinatosha kuimaliza injini.

50:1, 33:1, 25:1: nani yuko sahihi?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, na kumbe mara nyingine wote wanaobishana wako sahihi.

50:1 maana yake ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Kwa miaka mingi vijitabu vya Stihl vimeelekeza 50:1 ukitumia oili ya kampuni hiyo, na 25:1 ukitumia oili nyingine ya injini za 2T zinazopozwa kwa hewa. Husqvarna nao wameelekeza 50:1 kwa oili yao, na 33:1 kwa oili nyingine inayofikia kiwango cha JASO FB au ISO EGB.

Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kutumia vipimo tofauti na wote wakawa sawa, kwa sababu mashine na oili zao ni tofauti. Kosa ni kumuiga jirani bila kusoma kijitabu chako.

Vipimo vyenyewe ni hivi:

Kwa 50:1
Lita 1 ya petroli: oili mililita 20
Lita 5: mililita 100
Lita 10: mililita 200
Lita 20: mililita 400

Kwa 33:1
Lita 1: mililita 30
Lita 5: mililita 150
Lita 10: mililita 300

Kwa 25:1
Lita 1: mililita 40
Lita 5: mililita 200
Lita 10: mililita 400

Usipime kwa macho, na usipime kwa rangi. Kampuni moja huweka rangi ya bluu kwenye oili yake, nyingine nyekundu, nyingine kijani. Rangi inakuonyesha kwamba kuna oili ndani. Haikuambii ni kiasi gani.

Kofia ya chupa nayo inadanganya, kwa sababu kofia hazilingani. Njia rahisi ni bomba la sindano la mililita 20 la duka la dawa, bila sindano yake. Kwa 50:1, bomba moja lililojaa ni la lita moja ya petroli. Lita tano, mabomba matano. Hapo hakuna kubahatisha. Likishatumika kwa oili, liwe la kazi hiyo tu na likae mbali na watoto.

Wakati wa kuchanganya, tia petroli kidogo kwenye dumu safi, mimina oili yote, funga, tikisa, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Na kila unapotaka kujaza tangi la chenso, litikise dumu kwanza.

"Ongeza oili tu, ndiyo usalama": si kweli

Hii ndiyo imani iliyoenea zaidi, na inaeleweka ilikotoka. Misumeno ya zamani, ya miaka ya 1950 na 1960, ilitumia oili nyingi sana, hata 16:1, kwa sababu oili za enzi hizo zilikuwa dhaifu. Oili zimebadilika, lakini desturi imebaki.

Ukizidisha oili ya kisasa, haiungui yote. Inaacha masizi. Masizi yanaganda kwenye kichwa cha pistoni, yanaziba tundu la kutolea moshi na wavu wa ekzosi, na yanazifanya ringi zing'ang'anie kwenye mifereji yake. Plagi inalowa na kuwa nyeusi. Mashine inakosa nguvu, inatoa moshi mzito na inasumbua kuwaka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Tundu la kabureta halikui kwa sababu umeongeza oili. Oili ikichukua nafasi kubwa kwenye mchanganyiko, petroli inayopita inapungua kidogo. Petroli ikipungua na hewa ikabaki ileile, joto linapanda. Kwa hiyo anayezidisha oili ili kuilinda injini anaweza kuwa anaisogeza kuelekea joto alilokuwa analiogopa.

Oili gani inafaa, na ipi iachwe dukani?

Geuza chupa usome nyuma. Unatafuta herufi hizi: JASO FB, FC au FD. Kwenye mfumo wa ISO ni EGB, EGC na EGD. FC na FD hutoa moshi mdogo kuliko FB, na FD ndiyo inayosafisha zaidi masizi ndani ya injini. Chupa isiyo na alama yoyote inakutaka uamini maneno ya muuzaji tu.

Halafu kuna oili ambazo hazifai kabisa, ingawa ni rahisi kuzipata.

Ya kwanza ni oili ya injini za boti, yenye alama TC-W3. Wanaoishi Mwanza, Kigoma au pwani wanaiona kila siku. Nayo ni ya 2T, ndiyo maana inachanganya watu. Lakini injini ya boti inapozwa na maji. Chenso inapozwa na upepo wa feni yake yenyewe, kwa hiyo inafanya kazi kwenye joto kubwa zaidi. Oili ya boti haikutengenezwa kwa joto hilo.

Ya pili ni oili ya gari, ile namba 40 ambayo wengi wanaijua. Ni nzuri kwenye injini ya gari kwa sababu kule inazunguka bila kuungua. Ina viambato vya madini ambavyo vikiungua vinaacha majivu, na majivu hayo yanabaki kwenye plagi na pistoni.

Ya tatu ni oili chafu, iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina vumbi la chuma, masizi na mara nyingine petroli au maji. Kuichanganya na petroli ya chenso ni kama kuisugua silinda kwa msasa.

Vipi kuhusu oili ya sinthetiki? Kwa kawaida inaungua kwa usafi zaidi na inastahimili joto vizuri. Lakini sinthetiki iliyopimwa vibaya haimshindi mtu aliyepima vizuri oili ya kawaida yenye kiwango sahihi.

Petroli nayo ina kesi yake

Watu wengi wakisikia injini imenoki wanalaumu oili. Petroli huachwa bila kuulizwa.

Afrika Mashariki inaujua uchakachuaji vizuri. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli au petroli. Kenya ilifuata njia inayofanana mwaka 2018, ilipoweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Kwa chenso, mafuta ya taa ndani ya petroli ni hatari kwa sababu yanashusha oktani. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Stihl na Husqvarna hutaka petroli isiyo na risasi yenye oktani isiyopungua 90 kwa kipimo cha RON. Ikishuka chini ya hapo, mafuta yanaweza kulipuka ovyo ndani ya silinda. Mwendeshaji anasikia mlio wa kugongagonga, au hasikii kitu kwa sababu ya kelele, lakini pistoni inapokea kipigo na joto.

Petroli ya chupa za kando ya barabara ina shida nyingine: hujui imekaa hapo muda gani. Petroli ikipigwa na jua, sehemu zake nyepesi, zile zinazosaidia mashine kuwaka haraka, huruka. Maji pia yanaweza kuingia. Kuyaona ni rahisi: tia petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utauona mstari unaoyatenganisha.

Mchanganyiko wa petroli na oili nao hautakiwi kulala. Mwongozo wa kawaida ni usizidi siku 30. Changanya kinachotosha kazi ya siku chache. Na kama mashine inakwenda kupumzika kwa miezi, mwaga mafuta ya tangini, iwashe iache iunguruma mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu.

Ulaya wapo wanaolikwepa tatizo hili kwa kununua petroli maalum iliyosafishwa zaidi, ikiwa tayari imechanganywa na oili. Aspen ya Sweden inauza mafuta ya aina hiyo tangu mwaka 1988. Yanakaa miaka bila kuharibika na yana benzini kidogo sana, kemikali inayosababisha saratani ambayo mfanyakazi wa msitu huivuta pamoja na moshi. Bei yake ni kubwa kuliko petroli ya kituoni, na ndiyo maana wengi bado wanachanganya wenyewe.

Imetyuniwa Mafinga, inakwenda kufanya kazi pwani

Unaweza kupima oili vizuri, ukanunua petroli safi, na bado injini ikafa. Sababu: hewa.

Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi kwa takriban asilimia 10. Mji wa Mafinga, karibu na shamba la miti la Sao Hill, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Fundi akirekebisha kabureta huko, anapunguza petroli ili ilingane na hewa nyepesi ya huko. Ni sahihi kabisa, kwa Mafinga.

Mwenye mashine akipata kazi Rufiji au Tanga na kuondoka nayo bila kuigusa, anakutana na hewa nzito zaidi. Petroli ni ileile, hewa imeongezeka. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, ulainishaji nao unapungua. Akifanya kinyume, yaani aitoe pwani na kuipandisha milimani, mashine itakunywa petroli kupita kiasi, itatoa moshi na kukosa nguvu. Hilo ni usumbufu. Lile la kwanza linaua.

Baadhi ya chenso mpya zina kabureta inayojirekebisha yenyewe. Kwa zile za bisibisi, skrubu yenye herufi H ndiyo inayosimamia petroli mashine ikiwa kwenye kasi kubwa. Kuikaza kunapunguza petroli.

Na hapa kuna mtego. Chenso iliyokazwa kupita kiasi inalia vizuri. Mlio unakuwa mkali, mwembamba, inaonekana ina nguvu kuliko jana. Mwenye nayo anafurahi. Kumbe injini inakaribia kufa. Mashine iliyotyuniwa vizuri, ukiivuta mpaka mwisho bila mzigo, inakuwa na mlio wa kukwaruza kidogo, halafu mlio huo unatulia mara mnyororo ukiingia kwenye mti.

Hewa pia inaweza kuingia kwa wizi: mpira wa kabureta ukipasuka, bomba la mafuta likichanika au sili za kranki zikichoka. Dalili yake ni mashine kupanda kasi yenyewe au kuchelewa kushuka ukiachia. Ukiona hivyo, zima. Kuendelea kukata ili umalize kazi ya leo kunaweza kuondoa kazi ya mwezi.

Kupasua mbao siyo sawa na kuangusha mti

Mtu anayeangusha mti au kukata gogo vipande anabonyeza kwa sekunde kadhaa, anaachia, anahama. Injini inapata pumzi.

Anayepasua gogo kwa urefu ili kupata mbao anaweza kuiweka chenso kwenye kasi ya mwisho kwa dakika nzima au zaidi bila kuachia. Kwa injini, hiyo ni kazi nzito kuliko zote. Chenso ndogo ya bustani haikuundwa kwa hilo, hata ukiwa na oili nzuri kiasi gani.

Kwa kazi hii mambo matatu yanasaidia sana: mashine yenye injini kubwa, mnyororo mkali, na kupumzisha injini. Baada ya kukata kwa muda mrefu usiizime ghafla. Iache iungurume taratibu kwa muda mfupi ili feni iendelee kuipooza, ndipo uzime.

Mnyororo butu ni mzigo kwa injini. Ukali wake unaonekana kwenye kinachodondoka: chips za mbao maana yake uko vizuri, unga maana yake simama unoe.

Vumbi: adui asiyepiga kelele

Chujio la hewa likichanika au likifungwa vibaya, unga wa mbao na mchanga vinaingia ndani pamoja na mafuta. Havikwangui kwa kishindo. Vinasugua polepole hadi mgandamizo unapungua, na siku moja kamba inavutika kwa ulaini wa ajabu. Hapo pistoni na ringi zimekwisha.

Safisha chujio kila siku ya kazi. Safisha pia mapezi ya silinda na njia ya feni, kwa sababu yakizibwa na unga uliochanganyika na oili, joto halina pa kutokea.

Plagi nayo inatoa taarifa bure. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini iko vizuri. Ikiwa nyeupe, joto ni kubwa au petroli ni kidogo. Ikiwa nyeusi na imelowa, kuna oili nyingi, petroli nyingi au chujio limeziba. Nafasi ya kawaida kwenye ncha ya plagi za chenso ni milimita 0.5, na Stihl hushauri ibadilishwe baada ya takriban saa 100 za kazi.

Ikishanoki, pistoni haidanganyi

Kabla ya kulipia spea, mwambie fundi afungue ekzosi na amulike ndani. Michubuko ina lugha yake.

Michubuko upande wa ekzosi pekee: mara nyingi ni petroli kidogo, hewa ya wizi au joto.

Michubuko pande zote: mara nyingi ni petroli tupu, yaani oili ilisahaulika.

Upande wa kuingizia hewa umefifia na kusagika: vumbi limepita kwenye chujio.

Bila kujua chanzo, pistoni mpya itakwenda kufa kifo kilekile. Mtu akiweka silinda mpya huku mpira wa kabureta bado umepasuka, amenunua siku chache tu.

Oili ya mnyororo ni habari nyingine

Chenso ina matangi mawili. La pili ni la oili ya mnyororo, na haihusiani na ile ya kuchanganya kwenye petroli. Wengi hutia oili chafu humo kwa sababu "inamwagika tu".

Watengenezaji hukataza. Vumbi la chuma lililomo linakula pampu ya oili, bapa la chuma na mnyororo wenyewe. Pia mnyororo huirusha hewani kama ukungu, ikatua kwenye ngozi na nguo na kuvutwa puani, nayo ina kemikali zinazohusishwa na saratani. Na mnyororo usiolainishwa vizuri unakaza, injini inalazimika kuvuta zaidi, joto linapanda.

Kanuni rahisi: kila unapojaza petroli, jaza na oili ya mnyororo.

Je, chenso inatakiwa kudumu saa ngapi?

Kwenye lebo za mashine zinazouzwa Marekani kuna namba 50, 125 au 300. Baadhi ya wanunuzi hudhani hayo ndiyo maisha ya injini. Siyo. Ni saa ambazo mtengenezaji amethibitisha kwamba moshi wake utabaki ndani ya viwango vya mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Hata hivyo zinasaidia: yenye 300 imepimwa kwa matumizi marefu zaidi kuliko yenye 50.

Kinachoamua zaidi ni muundo na matunzo. Mashine za kazi nzito huwa na kasha la magnesiamu na silinda iliyopakwa tabaka gumu ndani. Nyingi za bei nafuu zina kasha la plastiki. Za kuiga zinaweza kufanana na halisi kwa nje huku ndani beringi na pistoni zikiwa za daraja jingine.

Mashine mpya ihurumiwe mwanzoni. Kwa matangi matatu ya kwanza, usiivute mpaka mwisho bila mzigo.

Gharama ya kufanya vizuri ni ndogo kuliko inavyodhaniwa

Kwa 50:1, lita moja ya oili inatosha lita 50 za petroli. Hata kama lita ya oili hiyo inauzwa mara tano ya lita ya petroli, inaongeza asilimia 10 tu kwenye gharama ya mafuta. Anayebana hapo anaokoa sehemu ndogo kabisa ya matumizi yake, na anaweka rehani mashine nzima.

Kabla hujavuta kamba

1. Soma kijitabu: uwiano gani, oili ya kiwango gani.
2. Nunua petroli kwenye kituo unachokiamini. Changanya ya siku chache tu.
3. Pima kwa bomba la sindano au chombo chenye alama za mililita.
4. Andika kwenye dumu "IMECHANGANYWA", na uliweke mbali na dumu la petroli tupu. Kosa la kubeba dumu la jirani limeua mashine nyingi.
5. Tikisa dumu, jaza injini ikiwa imepoa, futa kilichomwagika, na usogee angalau mita 3 kabla ya kuwasha.
6. Kagua chujio, ukali wa mnyororo na oili yake.
7. Ukihama kutoka mlimani kwenda pwani, kabureta ikaguliwe kabla ya mti wa kwanza.
8. Mlio ukibadilika ghafla ukawa mkali kuliko kawaida, usifurahi. Zima, tafuta sababu.